Jibu: Mafunzo ya mtandaoni ya wakuu wa shule yaanzie wapi?

Ndugu mwanajukwaa, umeuliza kama mafunzo ya mtandaoni kwa wakuu wa shule yaanze na sheria na fedha, au na ufundishaji. Kwa maoni yangu, anza na ufundishaji. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2008 na mtafiti wa elimu Viviane Robinson na wenzake ulionyesha kwamba, kati ya mambo matano ya uongozi waliyoyapima, lililohusiana zaidi na matokeo ya wanafunzi ni mkuu wa shule kuhimiza mafunzo ya walimu wake na kushiriki yeye mwenyewe.

Kwa hiyo somo la kwanza lisiwe mhadhara wa saa nzima. Weka video fupi ya kipindi halisi cha darasani (kwa idhini ya mwalimu na wazazi, bila shaka), mkuu aandike aliyoyaona, kisha aandae mazungumzo yake na mwalimu yule: ataanza na swali gani, atataja ushahidi upi, na watakubaliana nini kabla ya kipindi kijacho. Baada ya hapo alifanye zoezi hilo shuleni kwake na kurudi kulijadili na wenzake wachache walewale, kwa kuwa kundi linalobadilika kila wiki halijengi kuaminiana, na pasipo kuaminiana hakuna atakayeeleza kwa uwazi matatizo ya shule yake.

Sheria na fedha ziwe miongozo mifupi ya kurejelea, inayopatikana upesi siku ya tatizo. Tafadhali hakikisha pia kwamba kila kitu kinafunguka kwenye simu na kinaweza kupakuliwa.