Usiinue gari kwanza: pa kuanzia na 4x4 yako kabla ya Menengai, Kuresoi au Elgon

Kabla hujamlipa fundi akuinulie gari na kukufungia bampa la chuma na taa juu ya paa, ngoja kwanza. Gari la 4x4 likiwa vile vile lilivyotoka kiwandani, liwe Prado ya zamani, Hilux, Pajero au Escudo, linaweza mengi kuliko dereva anayeanza. Nenda Kuresoi msimu wa viazi utaona pikapu ya mkulima, haijaongezwa hata skrubu, ikipanda mlima wa matope huku gari lililopambwa likisubiri trekta bondeni. Yule mkulima amepunguza upepo wa matairi, amechagua gia mapema, na anajua udongo anaoukanyaga. Mambo hayo matatu ndiyo ningependa uanze nayo. Pesa zitakazobaki nunua matairi mazuri.

Lijue gari lako kwanza. Hilux nyingi na pikapu za aina hiyo hukaa kwenye 2H, yaani husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, mpaka wewe uweke 4H (magurudumu yote manne) au 4L (yote manne kwa gia nzito). Hazina difu ya katikati, yaani gia inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Ukiweka 4H kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanalazimishwa kuzunguka sawasawa hata kwenye kona, na mkazo wote unaishia kwenye shafti na gia. Usukani ukiwa mzito na gari likianza kurukaruka ukikata kona, rudi 2H papo hapo. Prado za mwishoni mwa miaka ya tisini ni tofauti: huvuta kwa magurudumu yote wakati wote, na kazi ya kijiti cha pili ni kufunga difu ya katikati na kuingiza gia nzito. Forester, X-Trail na RAV4 nyingi hazina gia nzito kabisa. Ni magari mazuri ya murram na matope mepesi, ila mteremko mrefu wenye mawe utayamaliza breki, kwa hiyo usiyapeleke huko.

Hiyo gia nzito, 4L, wengi huikumbuka wakishakwama. Iweke ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, gari limesimama na gia ikiwa huru. Kwa magari mengi ya aina hii, injini itazunguka takriban mara mbili na nusu zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, kwa hiyo gari linatambaa polepole likiwa na nguvu nyingi. Utaipenda zaidi kwenye mteremko. Gia ya kwanza, mguu uwe mbali na klachi, na injini yenyewe italishikilia gari. Dereva mgeni akiona utelezi hukanyaga breki, magurudumu yanagoma kuzunguka, na kuanzia hapo usukani hauna kazi tena. Gari likianza kwenda upande, elekeza usukani bondeni na utie mafuta kidogo tu ili magurudumu yazunguke na kushika tena. Najua mguu utakataa. Ndiyo maana lazima ujizoeze mahali pasipo na korongo.

Mahali pazuri pa kujizoeza ni shamba lililovunwa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Shemeji yangu nilimpeleka kwenye shamba la mahindi upande wa Njoro, na asubuhi ile kazi yake ilikuwa moja tu: kuvuka mtaro kwa mshazari. Gurudumu la mbele kushoto liliingia mtaroni, la nyuma kulia likaning'inia hewani, na gari likasimama. Nikamwambia ashuke aangalie huku mimi nikigusa mafuta. Magurudumu yale mawili mepesi yalizunguka bure yakirusha mabua, na mawili yaliyobeba gari hayakusogea hata kidogo. Difu ya kawaida ndivyo ilivyo, nguvu hukimbilia gurudumu lisilo na mzigo.

Alipokaa tena kwenye usukani alitaka kukanyaga mafuta hadi mwisho.

"Hapana shemeji, mafuta yaache hapo hapo. Sasa gusa breki taratibu kwa mguu wa kushoto."

Gari ni la gia za otomatiki, kwa hiyo mguu wa kushoto ulikuwa huru. Breki zilipolikamata lile gurudumu la hewani, nguvu ikahamia upande wa pili na gari likatoka bila kelele. Magari mapya hufanya hivyo yenyewe kwa kompyuta, utasikia tu mkwaruzo chini ya miguu. Usishtuke ukaachia mafuta, endelea kukanyaga taratibu.

Sasa upepo. Kama kuna jambo moja ningekulazimisha ulifanye, ni hili. Kwenye lami gari lako hubeba psi (kipimo cha upepo wa tairi) 30 hadi 35 hivi. Kwenye vumbi zito au njia laini ya shambani nashusha hadi 20 hivi, na kwenye mchanga mzito wa ufuoni 18. Chini ya 15 sishuki, kwa sababu tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Ikilegea, tairi hurefuka pale inapogusa ardhi, uzito wa gari unatandazwa, na meno mengi zaidi yanashika kwa pamoja. Ukishashusha upepo, mwendo uwe wa chini na kona zako ziwe pole. Kabla ya kurudi kwenye lami ujaze tena, maana tairi laini ikikimbizwa hupata moto na kupasuka. Nunua pampu inayobanwa moja kwa moja kwenye betri. Zile ndogo za kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara huunguza fyuzi na kukuacha njiani ukiwa na matairi manne laini.

Huko Menengai, kwenye kreta ya volkano karibu na Nakuru, hata hivyo, sishushi sana. Vumbi la njia za ukingoni ni laini, kiatu kinazama hadi kifundoni, lakini chini yake yamo mawe ya lava na vipande vya kioo cheusi cha volkano. Tairi iliyolegea hutoa ubavu nje, na ubavu ndio hukatika. Tobo la katikati ya tairi utazibiwa na fundi yeyote wa Nakuru. Ubavu ukichanika tairi imekwisha. Psi 25 zinatosha, na dirisha likiwa wazi utasikia jiwe kabla hujaligonga.

Kila udongo una masharti yake, na sisi wa upande huu tuna aina nyingi karibu karibu. Udongo mwekundu wa Kakamega, Vihiga na Kisii huteleza juu tu, chini bado ni mgumu. Humo unahitaji mwendo ulio sawa, mguu usiobadilika, na kubaki katikati ya barabara ambako pameinuka, kwa sababu pande zote mbili zinakuvuta mtaroni. Ukisimama katikati ya mlima, usilazimishe. Rudi nyuma ukiwa kwenye gia ya kurudi, usukani umenyooka, uanze tena ukiwa chini.

Udongo mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, ni kitu kingine. Ukiwa mkavu una nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa unavimba na kunata. Unajaza meno ya tairi, halafu nafasi iliyo kati ya tairi na bodi, na mwishowe gurudumu lenyewe halizunguki. Bonde la Lambwe, ilipo mbuga ya Ruma, lina udongo wa namna hiyo pia. Mvua ikiwa imenyesha kwenye udongo mweusi, mimi sijaribu. Nanywa chai Ahero nasubiri jua, na sioni haya kusema hivyo mbele ya dereva yeyote.

Kwenye njia za Mau Narok na Kuresoi tatizo ni mitaro ya malori. Lori lina matairi makubwa, kwa hiyo linachimba kina ambacho difu yako haiwezi kuvuka. Tumbo la gari linakaa juu ya mgongo wa njia na magurudumu yanabaki yakielea. Shuka upime kwa mguu. Mgongo ukifika katikati ya muundi, usiufuate mtaro. Weka tairi moja juu ya mgongo na nyingine juu ya ukingo wa nje, utembee polepole na mtu akuongoze kutoka mbele. Mwenyeji yeyote aliyesimama hapo na jembe muulize: "Mzee, malori yanapitia wapi tangu mvua ianze?" Atakuonyesha upande ambao usingeufikiria.

Saa nayo ni muhimu. Huku magharibi, mvua nyingi huja alasiri, unyevu wa ziwa ukishapanda na joto la mchana. Njia uliyopita saa mbili asubuhi ikiwa kavu si hiyo utakayoikuta saa kumi jioni. Mimi huondoka alfajiri na kupanga kuwa karibu na lami saa nane mchana. Mlima Elgon, ukipitia lango la Chorlim kuelekea Koitobos, sharti hilo lina uzito zaidi, kwa sababu njia hupita mita 3,000 na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Tumia 4L mapema huko juu. Na ukiwa ndani ya hifadhi ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), Elgon, Ruma au Ziwa Nakuru, ubaki kwenye njia zilizochongwa. Kukatiza nyasini kwa gari ni kosa.

Maji yanayopita kasi, kama mto Nyando ukiwa umejaa, usiyaingie hata kama matatu imepita mbele yako. Kwa maji yaliyotulia, pima kwa mti, yasipite katikati ya gurudumu, ingia polepole na usibadilishe gia ukiwa ndani. Injini ikizimika majini usiiwashe tena, livutwe kwanza.

Kuhusu kuvutana, hapa naomba unisikilize sana. Usifunge kamba kwenye mpira wa chuma wa kuvutia trela. Ukikatika unaruka kwa nguvu ya kuua mtu, na umewahi kuua. Kamba ifungwe kwenye ndoano iliyoshikwa na chesisi, na utandaze koti zito au gunia lenye mchanga katikati yake ili liizuie isiruke. Vijana watakuja kusukuma, hawakosi. Patana nao bei kabla hawajashika gari, kisha waondoe wote kwenye mstari wa kamba na nyuma ya gurudumu linalozunguka. Watoto wapelekwe mbali kabisa. Mara nyingi hutahitaji kuvutwa: beleshi, kipande cha ubao wa kuwekea jeki, na nusu saa ya kuchimba mbele ya matairi yote manne hutoa gari ambalo mafuta yangelizamisha zaidi.

Ukifika nyumbani oshea chini siku hiyo hiyo, hasa ndani ya rimu, kwa sababu tope likikauka hapo usukani utatetemeka kwenye lami ukadhani gari limeharibika. Kama ulivuka maji, mwambie fundi afungue nati ya difu kidogo uone rangi ya oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Imwage yote na uweke mpya kabla gari halijatoka tena.