Maswali yenu: Tutajuaje kama ukatili dhidi ya wanawake unapungua?

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Tangu tuanze kutoa elimu vijijini, matukio yanayoripotiwa Dawati la Jinsia na Watoto yameongezeka, na mkuu wangu anasema tumeshindwa. Ana haki?

Amehukumu mapema. Dawati huhesabu wanawake waliothubutu kufika polisi, nao ni wachache miongoni mwa waliotendewa ukatili, kwa kuwa wengi huishia kwa wazazi au kwa mshenga, na wengine hunyamaza kabisa. Elimu inapoaminiwa, taarifa zinaweza kuongezeka hata kama vipigo majumbani havijaongezeka. Takwimu za polisi zitumieni kupima huduma: manusura alitibiwa lini, na je, shauri lilifika mahakamani au lilimalizwa kifamilia?

Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15; ule wa 2022 ulionyesha asilimia 27. Tushangilie?

Ni habari ya kutia moyo, ila isomwe kwa uangalifu. Swali hilo linahusu maisha yote, na mwanamke aliyepigwa mwaka 2010 angestahili kujibu ndiyo hata 2022. Kiwango cha aina hiyo hushuka polepole, kadiri wasichana wanavyoingia katika umri unaopimwa na waliozidi miaka 49 wanavyotoka, kwa hiyo anguko la pointi 13 katika muda mfupi hivyo linanilazimu kuuliza pia kama wanawake walikuwa huru kusema kwa kiwango kilekile katika tafiti zote mbili. Anayetaka kujua mpango kama MTAKUWWA, ule wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza 2017/18, umeleta nini, aangalie ukatili wa miezi 12 iliyopita, kipimo kinachotumika pia katika Malengo ya Maendeleo Endelevu.

Kikundi chetu kinaweza kupita nyumba kwa nyumba kuwauliza wanawake?

Nawasihi msifanye hivyo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka ahojiwe mwanamke mmoja tu katika kaya, faraghani, na mhoji aliyefunzwa, na msaada uwe tayari; mume akisikia, swali lenyewe laweza kumletea mkewe kipigo. Kikundi kinaweza kupima mitazamo: ni wangapi bado wanaamini kuwa mume ana haki ya kumpiga mke, na majirani hufanya nini wanaposikia kelele?

Upo ushahidi kwamba ukatili unazuilika?

Upo, tena kwa jirani zetu. Mjini Kampala, mpango wa SASA!, unaohamasisha jamii kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, ulipimwa kati ya 2007 na 2012 katika jamii 8, nne zikiufuata na nne zikisubiri. Katika zilizoufuata, kiwango cha wanawake waliopigwa na wenzi wao mwaka uliotangulia kilikuwa chini kwa takriban nusu, ingawa uchache wa jamii hizo uliyafanya makadirio yawe na wigo mpana wa kutokuwa na uhakika. Tofauti hiyo isingeonekana bila zile nne zilizosubiri.