Njia ya Akiba kwenye Ruta: Usiamini Taa ya Kijani

Ofisi nyingi ninazohudumia, kuanzia za mawakala wa forodha pale Malaba na Busia hadi maduka ya jumla Kampala, zina laini mbili za intaneti, na bado faiba ikikatika kazi inasimama. Laini ya pili inalipiwa kila mwezi, imechomekwa, taa inawaka, lakini siku inapohitajika haichukui mzigo. Sababu karibu kila mara ni moja: ruta, yaani kifaa kinachoongoza data kwenye laini ya kutokea, haijui kwamba laini kuu imekufa.

Ukiiacha ilivyo, ruta inaangalia tu kama waya uliochomekwa kwenye tundu lake uko hai. Sasa, faiba kwa kawaida haiingii moja kwa moja kwenye ruta yako. Inaingia kwenye kile kiboksi cha kampuni ya mtandao ukutani, na kutoka pale ndipo waya mfupi unakuja kwenye ruta. Katapila la barabara likikata faiba kilomita 30 kutoka ofisini, kiboksi bado kina umeme na waya mfupi bado ni mzima. Ruta haioni tatizo lolote, inaendelea kutuma data isikofika. Ndipo unapopigiwa simu: "Fundi, taa zote zinawaka lakini ASYCUDA (mfumo wa forodha) haifunguki, na magari yako kwenye foleni."

Njia ya akiba yenyewe, ambayo kwa kawaida ni modemu ya laini ya simu, si ngumu kuandika. Kila njia kwenye ruta ina namba ya umbali, na yenye namba ndogo ndiyo inayotumika. Kwenye ruta za Cisco, njia uliyoiandika kwa mkono ina umbali 1, na ile iliyojifunzwa kwa OSPF (lugha ambayo ruta huambiana njia zenyewe) ina 110. Ukiandika njia ya pili kwa umbali 10, itajificha mpaka ile ya kwanza itoke kwenye jedwali la njia la ruta. Kama laini kuu inakuja kwa OSPF, hakikisha ile ya akiba umeipa zaidi ya 110, la sivyo modemu itabeba kila kitu na bando litaisha wakati faiba ni nzima.

Shida ni hilo neno "itoke". Nani ataitoa njia ya kwanza kama taa haijazima? Kwenye ruta za MikroTik, ambazo utazikuta ofisi nyingi ndogo, kuna kipimo cha check-gateway. Kinapiga pingi (ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?") kwa lango, yaani kifaa cha kwanza ambacho ruta hukipa data, kila sekunde 10, na jibu likikosekana mara mbili mfululizo njia inaondolewa. Ni kizuri, lakini hakitoshi, kwa sababu lango mara nyingi ni kifaa cha kampuni kilicho jirani tu. Kitajibu vizuri huku nyuma yake hakuna kitu. Ruta lazima iulize mbali zaidi. Mimi huandika hivi kwenye RouterOS 7, mfumo wa MikroTik (192.0.2.1 ni mfano wa lango la faiba, 198.51.100.1 la modemu, na 8.8.8.8 ni anwani ya mbali ya kupimia):

/ip route
add dst-address=8.8.8.8/32 gateway=192.0.2.1 scope=10
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=8.8.8.8 target-scope=11 check-gateway=ping distance=1
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=198.51.100.1 distance=3

Mstari wa kwanza unalazimisha 8.8.8.8 ifikiwe kwa faiba peke yake. Huo ndio moyo wa mpango mzima. Bila huo, faiba ikifa pingi itapita kwa modemu, itajibiwa, ruta itadhani faiba imepona, itarudi kwake, itakwama tena, na utakuwa na mtandao unaoruka huku na huku kutwa nzima. Umbali 2 nimeuacha wazi makusudi: ongeza hapo 1.1.1.1 kwa mtindo ule ule, ili kuzimika kwa anwani moja kusikuhamishe bure. Kwenye Cisco kazi hii inafanywa na IP SLA (inayopima) pamoja na track (inayoitoa njia kipimo kikishindwa), na pale pia anwani unayoipima lazima ifungwe kwenye laini kuu.

Jambo moja linalosahaulika: anwani hizo ulizofunga kwenye faiba usiwape watumiaji kama DNS, yaani seva ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani. Faiba ikikatika zitakufa nayo, modemu itakuwa inafanya kazi na kurasa hazifunguki.

Kama ofisi ya mpakani inaunganishwa na makao makuu Kampala, kumbuka kwamba data huenda na kurudi. Nimeitwa mahali ambapo ruta ya Malaba ilihama vizuri kabisa, lakini ya Kampala iliendelea kurudisha majibu kwa njia iliyokufa. Andika njia ya akiba pande zote mbili, au tumia OSPF juu ya vichuguu viwili vya VPN (njia za siri kati ya ofisi mbili kupitia intaneti), cha akiba ukikipa gharama (namba ya OSPF ya kuchagua njia) kubwa zaidi. Muda wa kawaida wa OSPF kugundua kwamba ruta jirani imekufa ni sekunde 40. Ofisi nyingi zinaweza kuvumilia. Kichuguu cha modemu kianzishwe kutoka tawini, kwani laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani ya umma ya kufikiwa kutoka nje.

Pale mpakani modemu ina tabia ya kudaka mnara wa Kenya ukiwa na nguvu zaidi. Zima rominga na uifunge kwa mtandao wa Uganda, ambao namba yake huanza na 641. Ya Kenya huanza na 639.

Simu za intaneti nazo hubaki bubu baada ya kuhama, maana ruta bado inakumbuka mazungumzo ya zamani yenye anwani ya faiba. Weka skripti (amri zinazojiendesha) ya kuyafuta mazungumzo hayo kila njia inapobadilika.

Na uliza laini zako mbili zinapita wapi. Uganda haina bahari. Data yetu hufika kwenye nyaya za baharini kupitia Kenya hadi Mombasa, au kupitia Tanzania. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika pamoja, kuwa na kampuni mbili hakukumsaidia mtu ambaye zote mbili zilitegemea nyaya hizo. Faiba mbili kwenye nguzo zile zile ni hivyo hivyo.

Ukimaliza, jaribu. Usichomoe waya wa ruta, hiyo ni hali rahisi. Chomoa uzi wa faiba nyuma ya kiboksi, Jumamosi mchana, mwenye ofisi akijua. Mwambie karani afungue mfumo wa forodha na apige simu Kampala. Kisha rudisha faiba uone kama mzigo unarudi wenyewe. Kwenye Cisco iambie track isubiri dakika moja kabla ya kurudi, kwa sababu faiba inayounganishwa huwaka na kuzima kwanza. Fanya hivi kila mwezi, na siku hiyo hiyo angalia kama bando la modemu bado lipo na laini yake haijafungwa kwa kukaa bila matumizi.