Mlinzi wa masaa 12: niliyoyaona lindoni na CMA

Mkuu uliyeuliza kama ni halali kampuni ya ulinzi kukupangia masaa 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa mshahara uleule: kwa Tanzania Bara, hapana. Nimekalia lindo miaka minne kwenye ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere, naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyepigwa na umande huohuo. Jina la kampuni tuliache.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 19, inasema masaa ya kawaida yasizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizidi 6. Yanayozidi ni ovataimu. Hiyo lazima mkubaliane, ilipwe mara moja na nusu, na isivuke masaa 50 ndani ya wiki nne. Sasa hesabu ya kwako: 12 mara 6 ni 72. Hata tukiwapa saa moja ya kula kila siku unabaki na 66, yaani 21 ya ziada kila wiki, 84 kwa wiki nne. Umeona? Hata wangekulipa ovataimu yote mpaka senti ya mwisho, bado wamevuka mpaka. Vijana wengi lindoni hawalijui hili, wanadhani pesa ikitoka basi yameisha.

Na hiyo saa ya kula usiwaachie kirahisi. Ukifanya kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo una haki ya kupumzika dakika 60. Mwajiri halazimiki kuilipia kama umeachwa huru kweli. Mimi nilikuwa nakula chipsi na funguo za geti mfukoni, lori likipiga honi naacha sahani. Kama lindo haliwezi kubaki tupu wanaweza kukutaka ubaki, ila saa hiyo inalipwa.

Watakachokujibu nakijua: "Ulisaini." Ni kweli upo mpango wa kubana wiki. Kwa makubaliano ya maandishi unaweza kufanya masaa 12 kwa siku, mapumziko ya kula yakiwa ndani yake, bila ovataimu kuhesabiwa kwa siku. Lakini ni siku 5 tu, masaa ya kawaida yanabaki 45 kwa wiki na ovataimu isizidi 10. Siku ya sita inauvunja mpango wote.

Hela sasa. Mshahara wa mwezi ugawe kwa 4.333, kisha kwa 45. Tuseme unalipwa 195,000 (nimeichagua makusudi hesabu isitusumbue), saa moja ni kama 1,000 na ya ovataimu 1,500. Yale masaa 21 ni 31,500 kwa wiki. Juu yake kuna asilimia 5 kwa kila saa ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ndogo, ndiyo, lakini katika miaka minne sikumwona mlinzi hata mmoja aliyelipwa.

Ila mimi kilichonimaliza si hela, ni usingizi. Sheria inataka masaa 12 mfululizo ya kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Shifti ya masaa 12 inayaacha yaleyale 12 bila hata dakika moja ya akiba. Reliva, yaani mlinzi wa kukupokea zamu, akichelewa nusu saa, na alichelewa karibu kila Jumatatu, tayari imevunjwa. Kuna siku hakuja kabisa, supavaiza akaniambia "piga dabo". Nikakaa masaa 24. Jioni yake nilisinzia kwenye daladala ya Gongo la Mboto, nikazindukia kituo cha mwisho bila simu. Wiki mbili baadaye kichwa kikaniuma mpaka nikaenda zahanati: presha 168 kwa 104, na nilikuwa na miaka 34. Sisemi usiku peke yake ndio uliosababisha, baba yangu naye ana presha. Lakini WHO (Shirika la Afya Duniani) na ILO (Shirika la Kazi Duniani) walitoa utafiti wao 2021: wanaofanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa masaa 35 hadi 40. Mimi nilikuwa kwenye 70.

Kilichonisaidia ni karatasi ya daktari. Ukithibitishwa kitabibu kwamba hufai kazi ya usiku, mwajiri anatakiwa akuhamishie mchana, isipokuwa kama kweli haiwezekani. Supavaiza alicheka. Nikapeleka nakala ofisini, wakanigongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu, na wiki ya tatu nikawa wa mchana. Bila muhuri ule wangesema hawajawahi kuiona.

Madai ya hela niliyapeleka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, na hapo nilikosea. Sikupaswa kungoja. Madai yasiyohusu kuachishwa kazi yanatakiwa kufikishwa ndani ya siku 60. Mimi nilikwenda na ya mwaka mzima na ushee, msuluhishi akaniuliza nilikuwa wapi. Tukaishia kukubaliana sehemu tu. Hata hiyo sehemu niliipata kwa sababu ya daftari: kila siku niliandika saa niliyoingia, saa reliva alipofika, na namba ya ukurasa wa kitabu cha matukio, ile OB. Wao walileta mahudhurio yenye masaa 9 kila siku, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja.

Kwa hiyo daftari lianze usiku wa leo. Kesho omba nakala ya mkataba, ziba majina, weka hapa ukurasa wa saa za kazi tuusome.