Maswali ya Wasomaji: Gita la Solo na Nobu za Amplifaya ya Valvu

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Kizota, Dodoma. Mimi ni mpiga gita la solo katika kwaya. Hivi karibuni tulinunua amplifaya ndogo ya valvu iliyokwisha kutumika, ya wati 15, yenye spika moja ya inchi 12. Usoni ina jeki mbili za kuchomekea gita na nobu nne: geini, besi, trebo na masta. Ili nisikike mbele ya kinanda na drams, nimepandisha geini hadi 9, besi 8 na trebo 8, lakini masta nimeiacha kwenye 3 kwa sababu wazee wa kanisa hawapendi kelele. Nikipiga uzi mmoja sauti ni nzuri, nikipiga nyuzi mbili pamoja inavurugika, na waimbaji wakianza sijisikii kabisa. Je, amplifaya hii ni mbovu, au ni ndogo mno kwa kanisa letu?
Mpiga solo, Kizota

JIBU: Ndugu mpiga solo, katika maelezo yako sioni dalili yoyote ya ubovu. Tatizo liko kwenye mpangilio wa nobu, na linarekebishika jioni moja ya mazoezi bila kununua kitu.

Kiini chake ni uhusiano wa geini na masta. Kwa kuwa zote mbili hupandisha sauti, wapigaji wengi huzichukulia kuwa ni kitu kimoja, ilhali kila moja ina mahali pake. Katika amplifaya nyingi za aina hii, sauti hafifu inayotoka kwenye pikapu za gita (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) hukuzwa kwanza na valvu ndogo, yaani mirija ya kioo ya kukuzia sauti, mara nyingi zile za namba 12AX7, kisha hupelekwa kwenye valvu kubwa zinazosukuma spika, ambazo kwa wati 15 aghalabu huwa mbili za EL84. Geini huamua valvu ndogo zitwishwe mzigo kiasi gani, na masta huamua ni kiasi gani cha kazi yao kiruhusiwe kufika kwenye valvu kubwa. Valvu ndogo ikilemewa, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na hapo ndipo mkwaruzo unapozaliwa. Kwa geini 9 na masta 3 umezilemea zile ndogo na kuzinyima kazi zile kubwa, hivyo unapata mkwaruzo mwingi wenye sauti ndogo.

Swali lako la nyuzi mbili linastahili kuelezwa kwa undani, kwa sababu linagusa upigaji wetu wenyewe. Uzi mmoja ukipita kwenye valvu iliyolemewa, sauti zinazoongezeka ni za ukoo wa noti ileile, kwa hiyo sikio huzipokea kama utamu. Nyuzi mbili zikipigwa pamoja, valvu hiyo huzichanganya na kuzaa sauti ambazo wewe hukuzipiga, miongoni mwake ile iliyo sawa na jumla ya mitetemo ya noti zile mbili na ile iliyo sawa na tofauti yake. Chukua noti yenye mitetemo 440 kwa sekunde na mwenzake wa 554, jozi ambayo mpiga solo wa kwaya huigusa kila siku: valvu itaongeza mtetemo wa 114, ulio chini sana, katika eneo la gita la besi, na ambao haulingani sawasawa na noti yoyote ya wimbo. Huo ndio mvurugiko unaousikia. Mpiga roki anayepiga zaidi uzi mmoja mmoja anaweza kuishi na geini 9, lakini solo ya kwaya au ya dansi, ambayo huimba kwa jozi za nyuzi na kudai kila noti isikike peke yake, haiwezi.

Kwa hiyo anza upya. Weka masta kwenye 6 na geini chini kabisa, piga nyuzi mbili kwa nguvu unayotumia ibadani, kisha pandisha geini taratibu hadi mkwaruzo uanze kuchungulia, na hapo irudishe nyuma kidogo. Baada ya hapo, ukubwa wa sauti utafute kwa masta. Usishangae ukiona kwamba sehemu kubwa ya sauti inapatikana katika nusu ya kwanza ya mzunguko, na kwamba kutoka 6 hadi 10 mabadiliko ni madogo. Si ishara kwamba nguvu imeisha.

Besi na trebo ziguse mwishoni. Katika amplifaya nyingi za valvu nobu hizi haziongezi chochote, bali hupunguza tu, na tena hutegemeana: ukizipandisha zote mbili hadi 8, sauti za kati hubaki bondeni. Sauti hizo za kati ndizo zinazolitambulisha gita mbele ya waimbaji, na kwa kuwa amplifaya yako haina nobu ya kuzipandisha, njia iliyobaki ni kushusha besi na trebo kisha kufidia kwa masta. Jaribu besi 3 na trebo 5. Ukiwa peke yako nyumbani utaona sauti imekonda, na hilo lisikutishe, kwani sehemu ya chini tayari inashikwa na gita la besi na mkono wa kushoto wa kinanda.

Mahali unapoiweka nako kuna maana. Sauti kali hutoka kwenye spika kwa mstari ulionyooka, hivyo amplifaya iliyowekwa sakafuni huwa inaipigia miguu yako. Wewe unadhani trebo ni kidogo, unaipandisha, na mzee aliyeketi benchi la mbele ndiye anayeumia masikio. Iinue juu ya kiti imara, au ilaze nyuma kidogo ielekee kichwani kwako.

Kuhusu jeki, moja hupokea sauti yote ya gita, na ile yenye alama ya 2 kwa kawaida huipunguza karibu nusu. Itakufaa ikiwa pikapu zako zina nguvu nyingi. Voliumu ya gita lenyewe iache kwenye 7 wakati wa kuwasindikiza waimbaji, ili zamu ya solo ikifika upate pa kupandia bila kuigusa amplifaya.

Wati 15 zinatosha. Masikio huhitaji nguvu iongezeke takriban mara kumi ndipo yahesabu kuwa sauti imekuwa mara mbili, kwa hiyo kununua ya wati 30 kungewabadilishia kidogo sana. Kanisa likiwa kubwa, wekeni maikrofoni mbele ya spika na kuipeleka kwenye mixa yenu.

SWALI: Ndugu Mhariri, amplifaya yangu ya valvu ina swichi ya kuwasha na nyingine ya stendibai. Huku kwetu umeme hukatika na kurudi ghafla. Nianze na swichi ipi, na je, naweza kuchomoa spika ikiwa imewaka?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Ndugu msomaji, anza na swichi kuu, subiri kama dakika moja valvu zipate joto, ndipo ufungue stendibai, yaani ile swichi inayoiweka amplifaya katika hali ya kusubiri. Umeme ukikatika, zima zote mbili na uchomoe plagi, kisha usiwashe mpaka uuone umetulia. Spika usiichomoe kamwe amplifaya ikiwa imewaka, kwa sababu transfoma inayoilisha spika inaweza kuungua. Ukibadilisha spika, hakikisha omu zake (kipimo cha ukinzani wa umeme) zinalingana na zilizoandikwa nyuma.

Papo hapo nyuma soma pia volti. Amplifaya iliyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani hutaka volti 120, na umeme wetu wa 230 utaiunguza isipotanguliwa na transfoma ya kushusha. Usiifungue mwenyewe, maana kapasita za ndani, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na volti mia kadhaa hata baada ya plagi kuchomolewa. Na iwapo inavuma, usikubali kishawishi cha kukata waya wa ethi ili kuinyamazisha. Soketi isiyo na ethi irekebishwe na fundi umeme kabla amplifaya haijachomekwa tena.