Chembe za Hewa Zikikulipukia, Rudi Kwenye Maji Yaliyotulia

Juzi msomaji mmoja anayeiga maji na hewa kwenye kompyuta kaniandikia: "Chembe zangu za hewa zinaruka nje ya tangi kabla maji hayajaanza hata kumwagika. Nifanyeje?" Ujumbe ule niliusoma mara tatu, maana nilijiona mwenyewe wa miaka minne iliyopita.

Nilikuwa naiga kiputo kimoja kinachopanda majini kwa SPH, mbinu ya kompyuta inayogawa maji na hewa kuwa chembe nyingi ndogo, iliyobuniwa mwaka 1977 kwa ajili ya mambo ya nyota, kabla haijaletwa kwenye maji. Kwa maji matupu programu yangu haikuwa na neno. Nilipotia hewa tu, kiputo kikapasuka, chembe zikatapakaa. Nikaongeza mnato bandia, yaani msuguano wa kubuni wa kuzituliza chembe. Nikapunguza hatua ya muda, yaani muda unaopita kati ya hesabu moja na inayofuata. Miezi mitano ikaisha hivyo. Aliyekuwa akinisimamia alisema mbele ya wenzangu kwamba kazi imenizidi kimo. Neno lile bado linaniuma.

Siku moja nikaamua kuitazama chembe moja tu ya hewa, iliyo pua na mdomo na maji. Densiti yake ilipaswa kuwa kama kilo 1 kwa mita ya ujazo, nikakuta mamia! Kumbe nilikuwa najumlisha masi za majirani, na jirani wa maji ana masi mara 1,000 hivi ya jirani wa hewa. Chembe ile maskini ikajiona imebanwa kupita kiasi, shinikizo likapaa, ikafyatuka. Nikabadili mstari mmoja wa programu: pima jinsi majirani walivyokuzunguka, kisha zidisha kwa masi yako mwenyewe. Kiputo kikatulia, kikaanza kupanda. Nililia.

Ndugu zangu, mbona tunapenda kupaka mnato juu ya kosa? Kagueni chembe moja. Narudia, moja! Na msikwepe gharama: kwenye fomula inayotoa shinikizo kutoka kwenye densiti, ukitumia kipeo cha 7 kwa maji na 1.4 kwa hewa, kusawazisha shinikizo mpakani kunaipa hewa kasi bandia ya sauti mara 14 hivi ya ile ya maji, na hatua ya muda inafinyika kwa kiasi hicho hicho. Vumilieni.

Wewe uliyeniandikia, ondoa mwendo wote. Maji chini, hewa juu, kimya. Chora shinikizo dhidi ya kina: majini liongezeke pascal 9,800 hivi kila mita, na pale mpakani pasiwe na kidato. Ukipata mstari ulionyooka, niandikie tena, tuweke kiputo.