Barua kwa mwanangu: mto unapojaa, samaki wageni huwaje?

Iringa

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Umeniuliza kwa nini katika Mto Green wa Marekani, unaousoma chuoni, samaki wageni hupungua kwenye maji tulivu ya pembeni mwaka wa mafuriko na kujaa tele mwaka wa maji haba, na kama sisi wa Ruaha Mkuu tunaweza kuyatumia maji vivyo hivyo. Kwa kuwa nimestaafu nikiwa afisa uvuvi, swali hili limenigusa.

Anza na mahali penyewe. Mafuriko ya theluji inayoyeyuka yanapopungua, mafungu ya mchanga hujitokeza, na nyuma yake hubaki vidimbwi vilivyozibwa upande wa juu lakini vilivyo wazi kwa mto upande wa chini. Maji yake hayaendi kasi, yana joto kuliko ya mkondo, na yamejaa vidudu vya kuliwa. Vifaranga vya Ptychocheilus lucius, samaki wa asili ambaye zamani aliweza kufikia karibu mita 1.8 na ambaye tangu 1967 yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, huchukuliwa na mkondo baada ya kuanguliwa na kutafuta hifadhi humo. Humo humo huwakuta wageni wadogo kama Cyprinella lutrensis, aliyetoka bonde la Mississippi, ambao huwanyang'anya chakula na pia huwala wangali wachanga kabisa.

Wageni hao hukomaa upesi na kutaga mara nyingi katika msimu mmoja, ilimradi maji yawe ya joto na yasiende kasi. Mwaka wa maji mengi, mkondo huwasomba, maji hubaki baridi kwa muda mrefu zaidi, na utagaji wao huchelewa. Mwaka wa maji haba, joto hupanda mapema nao huzaa kizazi baada ya kizazi. Bwawa la Flaming Gorge, lililokamilika 1964, lilipunguza mafuriko hayo ya theluji, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kulizingatia kuliko yote: mto ulipoteza mabadiliko ambayo samaki wake wa asili walikuwa wameyazoea, nao wageni wakapata utulivu wanaoupenda.

Hata hivyo, usiandike kwamba maji mengi ni dawa. Wageni waliobaki huzaliana tena, na mwaka mmoja au miwili ya ukame huweza kurudisha idadi yao. Tena maji yakibaki juu mno wakati wa kiangazi, huvifunika vidimbwi vyenyewe, na vifaranga wa asili hukosa pa kukulia. Ndiyo maana wasimamizi wa bwawa hilo hujali wakati wa kufungulia maji sawa na kiasi chake. Katika miaka ya karibuni wamewahi kufungulia maji kwa ghafla ili kuvuruga viota vya Micropterus dolomieu, samaki mgeni mla wenzake, ambaye dume lake hulinda mayai penye maji ya taratibu. Maji baridi yenye kasi yakimfikia, dume hukiacha kiota na kizazi hicho hupotea.

Sasa Ruaha yetu. Tangu 1993 mto huu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa kuwa maji ya bonde la Usangu hutumika sana mashambani juu ya kinamasi cha Ihefu, na maji ya kinamasi hicho yakishuka chini ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, mto unapotokea, hayatoki tena. Samaki hubanana katika madimbwi yaliyosalia. Mgeni ninayemhofia kwetu ni sato, kwa kuwa huzaana na perege wa asili wa bonde la Rufiji, na chotara hawaondolewi na mafuriko. Zaidi ya hayo, jike la sato hubeba mayai na vifaranga mdomoni, kwa hiyo kuvuruga kiota baada ya yeye kuyachukua mayai hakuna faida. Kwa sababu hiyo nisingependa uhamishe matokeo ya Green kuyaleta huku kama yalivyo. Kinachohamishika ni namna ya kuuliza.

Utakapokuja likizo wakati wa kiangazi, njoo na kipimajoto na wavu wa matundu madogo. Katika kila dimbwi andika joto la maji, kina chake, na kama bado limeungana na mto, kabla hujahesabu samaki, kisha urudie madimbwi yale yale kifuku kinapoanza. Baba yako na wadogo zako wanakusalimu.

Mama yako